Betri za Kengele ya Shingoni

Mwanangu mkubwa alisimama katikati ya chumba changu akizungusha funguo za gari kwenye kidole, na kila zilipogongana nilijua hasira yake imepanda ngazi moja. Chumba chenyewe ni kidogo: kitanda, kabati, kiti cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya, na mimi. Yeye akisimama humo, hewa inabaki ya kugawana.

"Mama haachwi peke yake kama kiti," alisema. "Anaanguka asubuhi, mnamwokota adhuhuri. Hii ni nyumba au ni stoo?"

Alikuwa akimwambia mkamwana wangu, mke wa mdogo wake, aliyesimama mlangoni na futi yake ya kupimia nguo shingoni. Mkamwana ni fundi cherehani. Kibanda chake kiko ng'ambo ya barabara, ubavuni mwa duka la saruji, na dirisha langu likiwa wazi nasikia cherehani ikikimbia na kusimama, kukimbia na kusimama. Mume wake, mwanangu mdogo, ni dereva wa lori la safari ndefu. Nyumbani huja kama mgeni, tena mgeni hukaa zaidi. Kwa hiyo nyumba hii inakula kwa cherehani ile. Ikinyamaza, na sufuria nazo zinanyamaza.

"Shemeji, huu ni msimu wa sare za shule," mkamwana alijibu kwa sauti ya chini. "Nilijua amelala."

"Alikuwa amelala kweli. Sakafuni!"

Hapo nikacheka. Haikuwa saa ya kucheka, lakini maneno yalikuwa ya kweli. Nililala sakafuni kati ya kitanda na mlango mpaka jua likahama dirisha, nikapata kujua chini ya kitanda changu kuna nini: kandambili moja, kifungo cha koti, na mende mmoja mwenye heshima zake, ambaye aliniangalia, akaona sina mpango naye, akaendelea na shughuli.

Mwanangu, ambaye nyumbani tunamwita Mkubwa, hakucheka. Alisema mambo ni mawili. Ama kibanda kifungwe, mkamwana akae na mimi, ama nihamie kwake, ghorofa ya juu, atafute msichana wa kunitazama. Huko nimewahi kukaa. Sakafu ni vigae vya kuteleza kama samaki, mlango una kufuli tatu, na aliyenisemesha siku zote zile ni televisheni, nayo haikungoja jibu. Wala mwanangu si mtu mbaya. Ana mapenzi ya watu wenye kazi nyingi: akikupenda, anakutafutia mahali pa kukuweka.

Mkamwana aliangalia vidole vyake. Kufunga kibanda hawezi, na kumwambia shemeji yake "mchukue" hawezi pia. Mimi nilikaa pale kitandani kama mzigo unaongoja kujua utashushwa kituo gani.

Ndipo mjukuu wangu akajipenyeza chini ya kwapa la mama yake. Anasoma chuo cha ufundi, mambo ya umeme mdogo mdogo, nasi tunamwita Injinia, mwanzoni kwa kumtania, sasa kwa mazoea.

"Baba Mkubwa, nipe nafasi nimtengenezee Bibi kengele."

"Kengele? Ya shule au ya ng'ombe?"

"Ya kuvaa shingoni. Bibi akibonyeza huku, inalia kule kwenye cherehani ya Mama. Haina waya, inatuma hewani."

Mkubwa alimtazama jinsi mtu anavyomtazama fundi aliyesema kazi itakuwa tayari kesho. "Haya," akasema. "Mwisho wa mwezi nakuja na gari. Nitaibonyeza kwa mkono wangu. Isipolia, Mama anapanda gari siku hiyohiyo."

Akanibusu kipaji cha uso, akaondoka. Hewa ikarudi.

*

Kengele yenyewe ilitoka kwenye kopo la mafuta ya kujipaka. Ndani yake Injinia alipanga kompyuta ndogo isiyozidi kucha yangu ya dole gumba, akaniambia chuoni huitwa kidhibiti, nikamwambia hapa nyumbani itaitwa ubongo. Juu akatoboa tundu la kitufe chekundu. Kule kibandani akaning'iniza kisanduku kingine chenye kipaza sauti na kitufe cha kuzimia. Ikabaki betri.

"Betri ndiyo kazi, mke mwenzangu," aliniambia. Babu yake, Mungu amrehemu, alikuwa akimwita "mke wangu", basi huyu mtoto nami tukabaki wake wenza hata baada ya mume kufariki. "Hayo mengine niliyajua kabla sijalala."

Ya kwanza ilikuwa bapa, ya duara, inang'aa.

"Mbona umeniletea kidonge?"

"Ndiyo betri, Bibi. Nyepesi, haitakuumiza shingo."

"Nimeze au nivae?"

Aliipachika, taa ya kijani ikakonyeza. Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena. Taa ikakonyeza, ikafa, ikakonyeza, kama mtu anayepigana na usingizi msibani. Injinia alichomeka waya zake, akachungulia, akapiga ulimi.

"Ubongo ukilala unakula kidogo mno, kidonge kinatosha," alisema. "Lakini ukitaka kutuma ujumbe hewani, unavuta nguvu nyingi kwa mkupuo. Kidonge hakiwezi. Kinazimia, ubongo unaanza upya, unavuta tena, kinazimia tena."

"Kama mimi na ngazi."

"Hivyo hivyo, Bibi."

Ya pili ilikuwa ya mraba, ile yenye vichwa viwili juu. Hiyo ililia! Kule ng'ambo tulisikia ti-ti-ti-ti, cherehani ikasimama, na mkamwana akavuka barabara mbio na mkono wa shati la mtoto bado umeshikiliwa kwa pini kwenye blauzi yake. Tulishangilia watatu. Kitu kikawa kinaning'inia kifuani pangu, nikakihisi kina joto, nikamwambia Injinia kwamba kengele yake inanipenda.

Uso wake ukabadilika. "Joto hilo ndivyo chaji yako inavyopotea. Betri hii ina msukumo mkubwa na tumbo dogo. Ubongo hauwezi kupokea msukumo wote, lazima niupunguze, na kinachopunguzwa kinageuka joto."

"Nami nilidhani mapenzi."

Mapenzi yale hayakumaliza wiki. Asubuhi moja nilitaka kusindikizwa chooni, nikabonyeza, nikangoja. Nikabonyeza, nikangoja. Cherehani ikawa inakimbia raha mustarehe. Sitaeleza zaidi. Shuka lilifuliwa, na mkamwana alilianika upande wa nyuma, pasipopita watu, bila kusema neno. Heshima ya namna hiyo huumiza kuliko matusi.

*

Baada ya hapo mkamwana alijitosa. Alisema vitu vya kununua havitaki elimu, vinataka mdomo, akafunga kibanda mapema wakaenda wote wawili mpaka kwenye meza ya yule kijana anayeuza vioo vya simu, waya za simu na kava za simu, ambaye watu wote wanamwita Chaji. Mimi sikuwepo, lakini nilisimuliwa na wote wawili, kila mmoja kwa siri ya mwenzake, kwa hiyo naijua habari hii kuliko aliyekuwepo.

Chaji alitoa betri ya kuchajiwa, nene kama kidole gumba, ya buluu, imeandikwa namba ndefu kama namba ya simu.

Injinia aliigeuza. "Kaka, namba hii haiwezekani. Betri ya umbo hili haiingizi hata nusu yake."

"Dada, umeisoma au umeishona?" Chaji akamgeukia mama mtu. "Mama, mwambie. Namba kubwa na namba ndogo, ipi ina nguvu?"

"Kubwa," mkamwana alisema bila kusita, maana katika nguo ndivyo ilivyo: namba kubwa, kitambaa kingi.

"Mama, tatizo ni kwamba..."

"Wewe ulinunua kidonge, ukanunua mraba. Sasa niache na mimi."

Wakanunua. Jioni ile ilichajiwa, asubuhi nikaivaa, na kabla mkamwana hajamaliza pindo la sketi moja ilikuwa imekata roho. Ikachajiwa tena, ikafa mapema zaidi. Injinia akatufukuza sote, akaenda nayo uwanjani kwenye mchanga, akavaa glavu za mwalimu wake, akaipasua. Tulichungulia dirishani kama watazamaji wa ng'ombe anayezaa. Ndani ya betri nene mlikuwa na betri nyingine, nyembamba, ndogo. Nafasi iliyobaki ilikuwa imejazwa unga mweupe.

Mkamwana aliufunga unga ule kwenye kitambaa, akaenda nao kwa Chaji.

"Ah, mama, mmeshaipasua," Chaji alisema. "Mimi nauza betri, sinunui maiti."

"Unauza unga kwa bei ya betri! Ningetaka unga si ningeenda dukani?"

Watu wakaanza kusogea. Chaji akajaribu kucheka. "Na ile namba usiitie moyoni, mama. Ile ni urembo tu, kama maua kwenye kitambaa."

"Sawa. Siku ukiniletea suruali nikufupishie, nitakushonea mguu mmoja. Wa pili utakuwa urembo."

Watu waliangua kicheko mpaka muuza viatu wa pembeni akadondosha kiatu. Ila kicheko hakirudishi hela. Chaji alishikilia msimamo wake, na mwishowe, ili waondoke, aliwapa kava ya simu. Ni ya simu ambayo hakuna mtu nyumbani kwetu anayo. Nimeiweka kabatini, siku tukiipata simu hiyo, kava ipo.

Usiku huo mkamwana alisonga chakula kwa nguvu kuliko kawaida, na Injinia hakumwambia mama yake "nilikuambia". Mimi niliona jinsi alivyolimeza neno hilo. Lilishuka polepole kama tonge kavu.

*

Safari ya nne Injinia alikwenda peke yake, dukani kwa mzee mmoja anayeuza vifaa vya umeme, mkali, asiyependa maswali, lakini anayekubali mteja apime kabla ya kulipa. Alirudi na betri mbili za alkalini, ukubwa wa zile za saa ya ukutani. Hazikuwa na namba kubwa wala rangi ya kutisha.

"Nimezipima zikiwa na mzigo," alinieleza, akazichomekea kijitaa mbele yangu nione. "Betri ukiipima imepumzika, Bibi, inakuambia ni nzima. Ibebeshe kazi kwanza, ndipo uiulize hali."

Nilikumbuka Mkubwa akinipigia simu kila Jumapili nikiwa nimejinyoosha kitandani, na mimi namjibu kwa sauti ya msichana, "Sijambo, mwanangu, mzima wa afya."

"Hizi mbili zikiungana zinampa ubongo kiasi chake, hakuna cha kupunguza, hakuna joto. Na nimeupanga ubongo ulale fofofo mpaka ubonyeze. Ukibonyeza, unaamka, unapiga kelele, na unaendelea kupiga mpaka Mama azime kule. Kisha unalala. Zitakaa miezi, mke mwenzangu."

Hazikumaliza wiki mbili.

Nilimwona Injinia akipima, akipima tena, akikaa chini na kopo langu mapajani. Hakulia kwa sauti. Alikuwa anafuta pua kwa mgongo wa mkono kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo na kuambiwa chakula kimekwisha. "Basi ni mimi," alisema. "Betri ni nzima. Ni mimi niliyeunga vibaya. Baba Mkubwa anakuja wiki ijayo." Mama yake alitaka kumshika bega, akaona kidole chake kina uzi, akaanza kuutoa uzi.

Kesho yake hakwenda chuoni. Alisema kichwa kinamuuma, akatia betri mpya alizonunua kwa nauli yake ya wiki nzima, akakaa kwenye kile kiti cha mguu wa waya na kitabu chake.

Mkamwana akaja kuniaga. Akainama, akabonyeza kopo langu, na kile kisanduku cha kibandani, alichokuja nacho mfukoni mwa aproni yake, kikalia, ti-ti-ti-ti. "Ipo," akasema, akaridhika, akatoka nacho kikiendelea kulia mpaka katikati ya barabara.

Akaja jirani yangu muuza mkaa, mikono imejipaka masizi, kunijulia hali. "Ndiyo hiyo kengele inayosemwa? Hebu." Akabonyeza. Kule ng'ambo cherehani ikasimama, mkamwana akavuka mbio. "Vipi, Mama?" "Hamna, ni jirani alikuwa anaangalia." "Ah. Haya." Akarudi. Hakuwa amezima, alikuwa amekimbia kwanza.

Kisha nikaja mimi. Niseme ukweli, kubonyeza kunanoga. Tangu miguu iliponiacha, hakuna kitu katika dunia hii kinachosimama kwa ajili yangu. Magari yanapita, jua linapita, watu wanapita dirishani wakizungumza mambo nisiyoyajua mwanzo. Lakini nikibonyeza kile kitufe, cherehani inanyamaza. Nani asingependa? Basi nilibonyeza.

"Vipi, Mama?" Mkamwana alikuwa anahema, chaki sikioni.

"Nilitaka kujua kama betri ipo."

"Ipo."

"Haya, rudi kazini."

Halafu simu ikalia. Mkubwa. "Mama, kengele inafanya kazi? Hebu bonyeza nisikie."

Injinia akafunga kitabu kwa kishindo, kiti kikayumba, waya ukakatika, akaanguka kitako sakafuni. Hata hakujali. Alipokea simu ile akiwa palepale chini.

"Baba Mkubwa, shikamoo. Usibonyezeshe! Jamani, nyinyi watu! Kila mnapobonyeza inakesha inapiga kelele mpaka Mama azime, na Mama hazimi, anakimbia! Betri haziishi zenyewe. Mnazimaliza kwa kuziuliza kama zipo!"

Upande wa pili sauti ya mwanangu, mtu mzima mwenye tai na meza ya ofisi, ikasema taratibu, "Mimi nilibonyezesha mara moja moja tu."

"Kila siku, Baba Mkubwa. Tangu kengele ije hungoji tena Jumapili."

Amri ikatolewa jioni hiyo. Mkamwana azime kwanza, akimbie baadaye. Muuza mkaa aangalie kwa macho. Mkubwa aulize hali yangu, asiulize hali ya betri. Na mimi nisibonyeze ila kwa haja ya kweli. Nikainua mkono nikaapa kwamba sitaigusa mpaka roho ifike kooni. Injinia alikwenda chuoni kwa miguu wiki ile, na kila jioni aliporudi na viatu vyenye vumbi nilimwonyesha kopo kwa fahari: halijaguswa. Safari za chooni nilizipangia saa ambazo mkamwana huja kula. Nilikuwa bahili wa betri kuliko bahili wa mali.

*

Mwisho wa mwezi ukafika, siku ya Jumamosi. Injinia alikuwa kibandani akimsaidia mama yake kupachika vifungo. Walikuwa wameniosha, wamenivalisha gauni la kitambaa kizuri chenye nakshi za majani, na mkamwana alikuwa amefagia mpaka chini ya kitanda. Mende wangu sijui alihamia wapi. Niliambiwa nikae, nisifanye lolote, nipendeze tu.

Kupendeza bila kufanya lolote sikuzoea. Niliona mlango wa kabati umeachama kidogo. Nikasema, mwanangu asione kabati limeachama, atasema nyumba imewashinda. Nikasimama. Hatua ya kwanza ilikubali. Ya pili ikafikiri. Nikaenda chini kando ya kabati, polepole, nikiteleza na ukuta kama nguo inayodondoka kwenye kamba.

Goti likapiga kelele. Kengele ilikuwa palepale kifuani, kitufe chekundu kinanitazama.

Hapo ndipo akili yangu yote ya uzeeni ilipokusanyika kufanya kazi. Nikawaza: Mkubwa yuko njiani. Anakuja kubonyeza kwa mkono wake. Nikibonyeza sasa, betri ikapungua, akaja akabonyeza isilie, nitapakiwa garini na kabati likiwa wazi. Tena nikawaza: hii nayo ni haja ya kweli? Roho haijafika kooni. Iko kwenye goti. Mtu aliyekaa chini ni mtu aliyekaa tu. Wangapi duniani wamekaa chini? Nikaikunja mikono juu ya kengele, nikaitunza.

Cherehani ilikimbia na kusimama, kukimbia na kusimama.

"Hodi, mwenyewe!" Muuza mkaa dirishani. Kutoka pale haoni sakafu.

"Karibu!"

"Nina haraka. Nilitaka kukusalimu tu. Hujambo?"

"Sijambo!" nikaitika, na sauti ikatoka nzuri ya kushangaza. "Mzima wa afya!"

"Haya, nashukuru." Akaenda zake. Nikabaki nikijisikia werevu, huku machozi yananitoka kwa goti.

Sijui nilikaa kiasi gani. Nikasikia gari, mlango wa gari, funguo. Mkubwa aliingia akiwa amebeba mto mpya kwapani, mnene, ungali kwenye nailoni. Alikuwa ameununua ili nikalie safarini nisiumie mgongo. Akaona kitanda kitupu. Kisha akaniona.

"Mama!" Mto ukaanguka. "Umeanguka?"

"Nimekaa."

"Tangu lini?"

"Si zamani."

"Na kengele? Imekufa tena, sivyo? Nilijua! Nilisema mimi!"

"Haijafa," nikasema. "Nimeitunza. Ili wewe ubonyeze."

Mwanangu akapiga goti na suruali yake ya pasi, akashika kile kitufe kama mtu anayekamua jipu, akakibonyeza.

Ti-ti-ti-ti, ng'ambo ya barabara. Cherehani ikakatika katikati ya mshono. Kengele ikanyamaza, maana mkamwana alizima kwanza, mwanafunzi mwema, halafu miguu ikaja: kandambili za mkamwana pa-pa-pa, na za Injinia nyuma yake. Waliingia pamoja, wakakwama mlangoni pamoja, mmoja ana mkasi, mwingine ana kifungo mdomoni.

Wakaninyanyua. Mkamwana akalikunja goti langu, akalikunjua, akalitazama, akasema halijavunjika, limevimba tu kwa ukaidi. Injinia alikitoa kifungo mdomoni, akafungua kopo, akabebesha betri kile kijitaa chake, akapima.

"Zimejaa," alisema. "Baba Mkubwa, zimejaa kabisa. Kifaa ni kizima." Akanigeukia. "Bibi! Kilichoharibika ni wewe."

Hakuna aliyecheka. Mkubwa alikuwa bado yuko chini, mgongo kwenye kabati, palepale nilipokuwa mimi. Kutoka pale alikuwa anaona dirisha kwa chini, kipande cha mbingu tu.

"Mimi nimlaumu nani sasa?" aliuliza. "Niambieni. Nimekuja nimejiandaa kulaumu." Kisha akaniuliza mimi ninavyoona, kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze. "Na kule kwangu, Mama? Ukianguka kule, ungebonyeza?"

Nilifikiri kumdanganya. "Huku nilikuwa nasikia cherehani," nikasema. "Nilijua nikichoka kukaa nitabonyeza, atakuja. Kule ningesikiliza nini?"

Mkubwa alinyoosha mkono akasukuma mlango wa kabati, ukafunga, ukaachama tena. Umekuwa hivyo tangu ununuliwe.

"Kila unapotaka kusimama," hatimaye alisema, "unabonyeza kwanza. Kabla mguu haujagusa sakafu. Hata kama ni kufunga kabati. Hata kama ni kumwona mende. Umesikia, Mama?"

"Betri zitaisha."

"Ziishe! Injinia, akibonyeza hivyo, na mama yako akizima upesi, zinakaa muda gani?"

Injinia alihesabu kwa midomo. "Mwezi zinafika, na akiba kidogo."

"Basi betri ni juu yangu. Kila mwisho wa mwezi jozi mpya, dukani kwa huyo mzee mkali, nazileta mwenyewe kwa mkono, nakaa, nakula, naondoka. Mimi ndiye nitakayekuwa mleta betri wa nyumba hii."

Mkamwana alikuwa anakusanya pini zilizomwagika. Hakuinua kichwa. "Shemeji," alisema kwa adabu yake yote, "hiyo nayo tutaipima ikiwa na mzigo."

Mkubwa alimtazama, na safari hii ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka tai ikamkaba. Alipoondoka jioni, mto hakuurudisha garini.

*

Asubuhi iliyofuata niliamka mapema kuliko wote, nikangoja mpaka kibanda kifunguliwe na cherehani ianze. Nikalala kwenye mto wangu wa nailoni, unaolia kila nikigeuka, kwa kuwa nilikataa nailoni ivuliwe. Nikabonyeza.

Ti-ti— ikazimwa. Cherehani ikanyamaza.

"Nimesikia, Mamaaa!" mkamwana akapaza sauti kutoka ng'ambo. "Usikanyage chini! Nakuja!"

Nikasikia kandambili zinavuka barabara. Alifika anahema, chaki sikioni, akanipa mkono.

"Haya, Mama. Twende wapi?"

Nilitazama chumba chote, kona hadi kona, nikitafuta pa kwenda.

"Kabati," nikasema. "Limeachama."

Akausukuma mlango. Ukafunga, ukaachama. Akaniangalia. Nikaangalia ukuta.

"Kuna kingine?"

"Hakuna, mwanangu. Rudi kazini. Na kopo usiliguse, betri ni za mwezi mzima."